Patasi Zangu, na Kwa Nini Siendi Kwenye Vanishi

Jumamosi, katikati ya Julai. Karatu.

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro alfajiri, na hadi saa tano magari ya watalii yalikuwa bado yanapita barabara kuu yakiwa yamewasha taa. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinaniuma, hata vile viwili ambavyo sina.

Nieleze mapema, ili anayepita hapa kwa mara ya kwanza asipotee. Mimi ni fundi seremala. Nafanya kazi kwenye karakana ya baba yangu mdogo, barabara ya kwenda Mbulu, na huu ni mwaka wangu wa nane. Mkono wangu wa kushoto hauna kidole cha shahada wala cha kati. Mashine ya randa ilivichukua miaka mitatu iliyopita. Nilikaa nyumbani miezi mitano, nikarudi. Sikuomba ruhusa ya kurudi na sikumwomba mtu radhi kwa kurudi.

Leo nina hasira nzuri. Ipo hasira mbaya, ile ya kukunyima chakula. Hii yangu nimeilia makande sahani mbili.

Mambo yalianza Jumatatu. Baba Mdogo aliniita pembeni, karibu na rundo la mbao, akavua kofia. Mzee akivua kofia kabla ya kusema na wewe, jua hapo hakuna jema.

"Paskalina, mwanangu," alisema, "kuanzia wiki ijayo nataka ukae kwenye msasa na vanishi. Kule ndani hakuna upepo. Utapumzika."

Utapumzika! Nina miaka thelathini na moja.

Siidharau kazi ya msasa. Kiti kisichopigwa msasa kinachana suruali za watu. Lakini karakanani kwetu mtu ni meza yake ya kazi. Ukiiachia haikurudii. Wiki haiishi kabla mwingine hajaweka zana zake juu yake, na wewe unabaki kuwa yule dada wa vanishi, unayeitwa kitu kikishakamilika ili ukipake mafuta king'ae. Mimi nimejifunza kuunga mbao. Kazi yangu ni kufanya vipande viwili vishikane visiachane, na sina mpango wa kuacha.

Sababu aliyoitoa ilikuwa patasi zangu. Tuna oda ya mabenchi ya kanisa dogo huko Kakesio, kwa wafugaji, na matundu niliyotoboa kwenye benchi la kwanza yalikuwa yamelala upande. Ulimi wa ubao ukiingia kwenye tundu la namna hiyo, unabaki mwanya. Baba Mdogo alinionyesha mwanya wenyewe kwa kupenyeza ukucha wake. Ukucha ukaingia. Sikubisha, maana ukucha hausemi uongo.

Patasi hunolewa kwa mikono miwili. Wa kulia unashika mpini. Wa kushoto unakandamiza chuma juu ya jiwe, karibu kabisa na mdomo wenye makali, kwa vidole viwili, uzito sawasawa pande zote. Ni vidole vilevile viwili. Mimi nakandamiza kwa gumba na cha pete, na nikijitahidi namna gani chuma kinalalia upande mmoja, jiwe linakula huko zaidi, na mdomo unatoka mshazari. Patasi ya mdomo mshazari ukiigonga haishuki wima, inakimbilia kando. Miaka mitatu nimepigana na jambo hili kwa ukaidi mtupu, na ukaidi haunoi chuma.

Nikamwambia, "Baba Mdogo, naomba hadi Jumamosi. Nitazinoa patasi zangu ziwe mraba, na nitatoboa mguu mzima wa benchi mbele yako. Ukiweka guni ukakuta tundu limelala, Jumatatu nitashika brashi bila kuambiwa mara ya pili."

Guni ni kile kipimo cha chuma cha pembe mraba. Karakanani hakuna mahakama iliyo juu yake.

Alikubali haraka mno. Aliona hakika kwamba nitashindwa, na huruma alikuwa ameshaiandaa.

Ipo mashine ya kunolea pale kwetu. Ilitoka kwenye hoteli moja ya watalii iliyokuwa inabadilisha vifaa vyake. Ina jiwe pana linalozunguka polepole ndani ya maji, kwa hiyo chuma hakiungui. Tunanolea visu vya wapishi wa mahotelini, basi. Patasi haiguswi nayo. Mafundi wetu wameifanya kuwa dini: patasi hunolewa kwa mkono, juu ya jiwe, kisha unaijaribu kwa kunyoa malaika ya mkono wako mwenyewe mbele ya wenzako. Ndiyo maana kila fundi wa kwetu ana mkono mmoja wenye upara.

Mimi nilitaka kishikio, kile ambacho waliosoma chuo cha ufundi wanakiita jigi. Ni kifaa cha kuibana patasi isicheze, kinachoteleza juu ya ufito wa chuma ulio mbele ya jiwe, ili kazi ya vile vidole viwili ifanywe na chuma. Mashine yetu ilikuja bila hicho kifaa na hakuna aliyewahi kukiulizia.

Jumanne asubuhi nilivuka barabara hadi kwa Saning'o, mchomeleaji, mtu wa Enguserosambu. Nikamchorea kwa chaki sakafuni. Aliutazama mchoro, akautazama mkono wangu, akarudi kwenye mchoro.

"Dada, hiki si kama pale tunapombania ng'ombe wakati wa chanjo?" aliuliza. "Asigeuze kichwa?"

"Ndicho hichohicho."

"Basi ungesema hivyo tangu mwanzo. Umemaliza chaki yangu bure."

Hadi saa sita kilikuwa tayari: kipande cha chuma bapa, kingine juu yake, boliti mbili za kukazia kwa mkono, na ukingo mmoja wa kuegemezea ubavu wa patasi. Hakuniambia pole hata mara moja. Nampenda kwa hilo, na mkewe akisoma hapa ajue ni kwa hilo tu.

Niliporudi nacho, Daudi alikuwa ananisubiri. Daudi ni fundi wa meza iliyo jirani na yangu. Ana mikono mizuri na mdomo usiofungwa.

"Mchagua jembe si mkulima, dada Paski," alisema.

Nilimjibu kwamba babu yangu alilima Mbulu hadi alipozikwa, na kijiji kizima hapakuwa na mchagua jembe kama yeye. Wengine wakacheka. Nilijisikia vizuri. Ningejua yanayokuja, ningenyamaza.

Nilichukua patasi yangu ya inchi moja, nikaegemeza ubavu wake kwenye ukingo wa kishikio, nikakaza boliti, nikawasha mashine. Jiwe likazunguka, maji yakatiririka, chuma kikala taratibu. Nilipoweka guni, mwanga haukupita hata kidogo. Mraba! Nilipiga kelele, tena kwa Kiiraqw, mambo ambayo Mama angeyasikia angenizaba kofi. Nikachukua kipande cha saiprasi, nikaanza kutoboa tundu la majaribio huku karakana nzima imenizunguka.

Tundu likalala.

Lililala zaidi ya yale ya Jumatatu. Patasi ilikimbilia kushoto kana kwamba imeitwa huko. Daudi alikichukua kile kipande, akachungulia ndani, akakiinamisha hadi tundu likaonekana limenyooka.

"Haina shida," alisema. "Waumini wa Kakesio tutawaambia wakae wameinama hivi."

Nilicheka na wao. Kisha nikaenda nyuma ya rundo la mbao nikalia, tena si machozi mawili matatu, ni kulia kwa kamasi. Naandika hili kwa sababu hapa nimeapa kutodanganya. Baba Mdogo akanikuta hapo.

"Pole, mwanangu. Si lazima."

Hilo "si lazima" lilinikausha machozi palepale.

Jumatano niliacha kujitazama mimi, nikaitazama patasi. Patasi zetu hazitoki dukani. Mhunzi aliye chini ya soko huzifua kutoka springi za magari ya safari yaliyochoka. Barabara za mbugani zinavunja springi kila kukicha, kwa hiyo chuma hakikosekani, na ni chuma kinachoshika makali kuliko cha dukani. Ila mhunzi hafui kwa rula. Mdomo hutoka mpana, shingo nyembamba, na ubavu mmoja hupungua kuliko mwenzake. Mimi niliegemeza ubavu uliopinda kwenye ukingo ulionyooka, nikapima kwa guni iliyoegemea ubavu uleule. Kwa nini guni isinipe ninachotaka? Nilihamishia guni ubavu wa pili. Mwanga ukapita hadi ungeweza kusomea gazeti.

Kishikio hakikukosea. Kilitii kile nilichokipa.

Hapo nikaelewa pia kwa nini wenzangu hawajawahi kupata shida hii. Wao hawapimi ubavu. Vidole vyao vinahisi katikati ya chuma bila wao kujua, na hawawezi kukufundisha kitu wasichojua kama wanakifanya. Nilipokuwa na vidole kumi nami sikujua. Ilibidi nivipoteze viwili ndipo nijue vilikuwa vinafanya kazi gani.

Nikachukua ubao bapa, nikachora msalaba: mstari mmoja mrefu, mwingine unaoukata mraba kabisa. Nikatafuta katikati ya shingo ya patasi, nikatafuta katikati ya mdomo, nikaunganisha kwa kalamu. Nikailaza patasi ubaoni, mstari wake juu ya mstari mrefu, nikaangalia mdomo unakaa vipi kwenye ule mwingine. Ubavu nikausahau kabisa. Kisha nikakata kijipande cha bati kutoka kopo la rangi, nikakiingiza kati ya ubavu na ukingo wa kishikio, nikakipunguza na kukikunja hadi mstari wa kati ukaelekea jiwe bila kupinda. Boliti nilizikaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, maana ukikaza moja hadi mwisho patasi inageuza kichwa, kama Saning'o alivyosema. Nikapaka mdomo wino mzito, nikagusisha kwenye jiwe mara moja tu, nikatazama wino umefutika wapi. Umefutika kushoto zaidi. Nikarekebisha. Umefutika kulia. Nikarekebisha tena. Mara ya sita wino ulifutika mdomo mzima kwa pamoja.

Sikupiga kelele. Mara hii nilitoboa kwanza, peke yangu, wenzangu wakiwa wamekwenda kunywa chai. Patasi ilishuka wima hadi chini.

Alhamisi nilizinoa zote sita. Kila moja ina kibati chake, maana kila moja imepinda kivyake, na kila kibati nimekiandika ukubwa wa patasi yake. Ijumaa, chai ilipoisha, nilikunja mkono wa sweta mbele ya Daudi nikanyoa malaika yote toka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Akatazama. Akasogea. Akauliza kwa sauti ya chini kile kibati ni cha kazi gani. Nikamwambia mchagua jembe si mkulima, aende akalime.

Sasa niungame, kwa sababu hadi hapa najiona nimejipamba. Huruma ya Baba Mdogo nimeila sana. Asubuhi za baridi nimefika saa tatu na hakuniuliza. Mbao nzito nimewaachia wengine, hata siku ambazo ningeweza kuzibeba. Ukiiruhusu huruma ikubebee mbao, usishangae ikija kukubebea na meza. Hilo nimejifanyia mwenyewe, na kuanzia leo nimeliacha.

Leo saa tatu Baba Mdogo alileta mguu wa benchi, akauweka juu ya meza yangu, akakaa kwenye kigoda mbele yangu. Matundu manne. Ulikuwa mguu wa saiprasi, na saiprasi ni mti laini. Watu hudhani mti laini ni rahisi. Mti mgumu unavumilia patasi butu, lakini laini unapondeka, unachanika, unakuumbua hadharani.

Mkono wa kushoto uliibana patasi kwa gumba na vidole viwili vilivyobaki. Wa kulia uligonga. Maranda yalitoka mazima, safi, yamejikunja. Nilitumia saa moja na nusu, na sikuinua macho kumtazama mtu.

Baba Mdogo aliingiza guni tundu la kwanza. La pili. La tatu alirudia mara mbili. La nne. Akachukua ubao wenye ulimi, akauchomeka, akaugonga kwa kiganja, ukaingia kwa ule mlio mzito ambao kila seremala anaujua. Akajaribu ukucha pande zote nne. Haukuingia popote.

"Ni mraba," alisema.

Kisha akasema, "Lakini Jumatatu nenda tu kwenye vanishi."

Niliiweka patasi mezani.

"Nimekosea wapi, Baba Mdogo?"

"Hujakosea." Alikuwa anatazama sakafu. "Kila ukishika chuma mimi naona ule mkono. Siku nzima naona ule mkono. Kifuniko cha visu vya ile mashine ya randa nilikitoa mimi, Paskalina. Tulikuwa na mbao pana, kikawa kinatuchelewesha, nikakitoa. Mimi."

Miaka mitatu hakuwahi kulisema. Nilikuwa nalijua, wote tulilijua, na kila siku tulilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la choo. Daudi alikuwa ameshika msumeno katikati ya ubao, hapeleki mbele wala nyuma.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumshinda. Yote yakaniishia. Nikabaki na hili tu:

"Nami nilikiona hakipo, nikawasha. Tulikuwa wawili, Baba Mdogo. Lakini mkono ni wangu, na mimi nimeshauzoea. Kama wewe kuutazama kumekushinda, usiutazame. Tazama tundu."

Sijawahi kumjibu mtu mzima hivyo. Mama akisikia atanifungia safari hadi hapa.

Alilitazama tundu. Alilitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama tundu. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake, ndani, kona kwa kona. Kisha akasimama, akavaa kofia.

"Yamebaki mabenchi saba," alisema. "Miguu yote utoboe wewe. Nataka iwe hivi." Akatoka nje kwenye ukungu, na hakurudi hadi mchana.

Hakuniomba radhi na sikutaka aniombe. Nilichotaka amenipa. Lakini sitajidanganya kwamba yameisha. Jumatatu ataniangalia tena, nitamwona akigeuza shingo, na litachukua muda. Kesho kanisani kina mama watanipa amani ya Bwana kwa kuushika mkono wa kushoto kwa mikono miwili, taratibu, kama wameshika yai. Nitaibana mikono yao hadi washtuke.

Nimejiuliza jioni hii kama kunoa kwa kishikio ni ufundi kamili au ni nusu. Daudi bado anasema nusu. Mimi nasema benchi likifika Kakesio, likakaliwa na mama wa Kimasai mwenye mtoto mgongoni na mwingine mapajani, na lisilie wala lisicheze, yeye hatauliza patasi ilishikwa na nini.

Jumatatu saa moja na nusu nitakuwa kwenye meza yangu. Miguu kumi na minne inanisubiri, miwili kwa kila benchi, na mchana wote sitakuwa na nafasi. Mwenye huruma yake aje saa kumi na moja, nikishafunga kazi, na asije mikono mitupu. Alete kitu cha kunoa.